Mchango wa Hiari Usio na Kitufe cha "Hapana": Wiki Kumi na Huduma ya Kuchangisha Harusi kwa Simu

Ujumbe wa kwanza ambao mfumo uliwatumia ndugu na marafiki zetu ulianza kwa salamu, ukataja majina ya maharusi, ukasema kwamba familia inaomba mchango wako wa hiari, kisha chini yake ukapanga vitufe vinne: shilingi 50,000, shilingi 100,000, shilingi 200,000, na cha mwisho kilichoandikwa "kiasi kingine". Kitufe cha tano hakikuwapo. Nimeitumia huduma hii kwa wiki 10 nikiwa mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kiume jijini Dar es Salaam, na tathmini yote inayofuata, pamoja na sifa ninazoitolea kwa moyo mweupe, inakizunguka hicho kitufe cha tano.

Jina la huduma ninaliacha kwa makusudi. Zipo kadhaa sokoni zinazofanana kama mapacha, na kasoro nitakazozieleza sidhani kama ni za kampuni moja. Kwa msomaji asiyeishi Tanzania inatosha kusema kwamba harusi ya kawaida ya mjini huku huchangiwa. Familia huunda kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Kamati hukaa vikao kila mwisho wa wiki kwa miezi miwili au mitatu. Kila mjumbe hupewa kadi za kusambaza kwa watu wake. Anayepokea kadi huahidi kiasi, halafu hulipa kwa mkupuo au kidogo kidogo. Anayefikisha kima cha chini hupata kadi ya kuingilia ukumbini, ya singo kwa mtu mmoja au ya dabo kwa wawili. Kazi hiyo yote ilikuwa ikifanywa kwa daftari, kalamu na miguu, na ndiyo ambayo huduma hii imeihamishia kwenye simu.

Usajili ulinichukua chini ya saa moja. Niliandika tarehe, ukumbi, bajeti yetu ya shilingi milioni 18 na kima cha chini cha kadi, nikaweka namba za malipo, kisha nikapakia majina 412 ambayo wajumbe waliyatoa kwenye simu zao. Tulilipia kifurushi cha shilingi 150,000, kilichojumuisha ujumbe mfupi, kadi za kielektroniki zenye msimbo wa kuskaniwa mlangoni, na ukurasa wa mhazini unaoonyesha kila jina na rangi yake: kijani kwa aliyemaliza, njano kwa aliyelipa pungufu, nyekundu kwa aliyeahidi asilipe, na rangi ya machungwa kwa yule ambaye mfumo unamwita "hajajibu". Kila Jumatatu saa tatu asubuhi ukumbusho huenda wenyewe kwa kila asiyekuwa wa kijani. Mhazini anaruhusiwa kumwachilia kadi mtu wa njano hata kama amebakiza, lakini mtu wa machungwa hana mstari wa malipo na kwa hiyo hawezi kuwa na kadi. Naomba msomaji azikumbuke rangi hizi.

Nianze kwa kuipa huduma haki yake. Yeyote aliyewahi kutunza fedha za harusi anajua kwamba mhazini huanza kazi akiwa ndugu na kuimaliza akiwa mshukiwa. Daftari hupotea, karatasi hulowa, mtu hudai alimpa mjumbe fedha taslimu kwenye daladala na mjumbe hakumbuki, na mwisho wake huwa ni manong'ono kwamba fulani "alikula hela za harusi", manong'ono ambayo yanaweza kudumu kuliko ndoa yenyewe. Katika kikao chetu cha nne mjumbe mmoja alisisitiza kwamba shemeji yake alilipa laki mbili na kwamba mhazini ameandika moja. Nilifungua ukurasa, nikamwonyesha tarehe, saa na kiasi ambacho shemeji mwenyewe alikituma, na mjadala ukaisha kabla soda hazijafika mezani. Hesabu hazikuwahi kukosea hata shilingi moja kwa wiki zote 10. Kwa kazi ya uhasibu, sina la kulalamikia, na ningemshauri mhazini yeyote mwenye kuthamini jina lake aitumie.

Lakini nililolisajili si kodi wala ada. Lilikuwa jambo la hiari, na Kiswahili kina msimamo mkali juu ya neno hilo. Tunaliweka upande mmoja, na upande wa pili tunaweka lazima na shuruti; tunasema hiari yashinda utumwa; na kwenye kadi za harusi zenyewe huchapwa kwa maandishi ya kupinda kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo swali la haki la kuiuliza huduma inayojitangaza kuwa inakusanya michango ya hiari ni kama kweli inakusanya hiari, au inakusanya kitu kingine na kukiita jina hilo.

Najua kwamba swali lina wazee wake. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Benjamin Libet, alilipeleka maabara: aliwaomba watu wakunje kiganja wakati wowote walioupenda, akapima shughuli za ubongo wao, akakuta kwamba ubongo ulianza kujiandaa sehemu ya sekunde kabla ya ile nukta ambayo mtu mwenyewe alisema ndipo alipoamua. Watu wanabishana hadi leo juu ya maana ya kipimo kile. Ninakitaja ili nikiweke kando, kwa sababu mtu anayekunja kiganja maabara hana shemeji anayemtazama. Aliyekaribia zaidi ukumbi wetu ni Marcel Mauss, Mfaransa ambaye mwaka 1925 alieleza kwamba zawadi katika jamii nyingi huvaa sura ya hiari huku ndani yake mkiwa na wajibu wa aina tatu, yaani wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mauss alitumia mifano ya visiwa vya Pasifiki na ya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, lakini angeridhika pia na sanduku la bati la mama yangu, ambamo orodha ya watu waliochangia harusi ya dada yangu imehifadhiwa pamoja na hati ya kiwanja. Haikuhifadhiwa kwa kumbukumbu njema. Imehifadhiwa ili kadi ya fulani ikija, tujue alitupa ngapi.

Wapo watakaosema kwamba hapo mjadala umekwisha: ikiwa natoa kwa sababu ulinipa, na ulinipa kwa sababu baba yangu alimpa baba yako, basi hiari ni jina la adabu tu. Niliwahi kuamini hivyo. Kilichonibadilisha mawazo ni orodha ileile ya sandukuni, niliyoitoa mwezi wa pili wa kazi ili nilinganishe majina.

Harusi ya dada ilifanyika miaka sita kabla ya hii, na mhazini alikuwa mama mkubwa. Daftari lake lina safu tatu: jina, ahadi, na ya tatu ambayo haina kichwa. Katika safu hiyo ya tatu mama mkubwa aliandika maneno, si tarakimu. Kwa mtu mmoja ameandika "atajitahidi". Kwa mwingine "mwezi ujao, akivuna". Kwa mwingine "anauguza". Kwa jirani yetu wa zamani ameandika "ataleta mchele", na alileta kweli, gunia zima. Na kwa majina kumi na tatu, niliyahesabu, ameandika neno moja tu: "tusimsumbue".

Nililitazama neno lile kwa muda mrefu. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na watatu aliyesema hapana; ninawafahamu, na watu wa kwetu hawamjibu mtu mzima aliyekuja na kadi kwa neno kavu namna hiyo. Walisema "tutaona". Walisema "Mungu akijalia", "inshallah", "nitakutafuta", "tuombe uzima". Mama mkubwa alizisikia kauli hizo kwa masikio ya mtu aliyezaliwa ndani ya lugha, akatofautisha inshallah ya mwenye nia na inshallah ya mwenye dhiki, akazitafsiri akiwa bado yuko barazani, na akafunga daftari. Aliyekataa hakulazimika kukataa. Mwezi mmoja baadaye wote kumi na watatu, isipokuwa mmoja aliyekuwa safarini, walikula pilau pamoja nasi.

Hapo ndipo ninapodhani hiari ilikuwa ikiishi katika mpango wa zamani. Kichwa cha mtu aliyeketi peke yake akipima faida na hasara kisingetosha kuibeba, kwa maana hakuna kati yetu anayeketi peke yake. Ilikuwa katika uwazi mdogo uliokuwapo kati ya "tutaona" na tarakimu. Jamii ilibana kila upande, ilikuwa na orodha zake na macho yake, lakini iliacha mlango wa uani bila komeo, na kila mtu alijua ulipo.

Sasa nieleze mfumo unavyofanya. Siku ya pili baada ya kupakia majina, baba mdogo, ambaye ni fundi seremala anayeishi Kibaha na ambaye biashara yake ilikuwa imelala tangu mwanzo wa mwaka, aliujibu ujumbe wetu kama ambavyo angenijibu mimi. Aliandika: "Tutaona mwanangu, Mungu akijalia." Jibu lilimrudia papo hapo: "Samahani, kiasi ulichoandika hakitambuliki. Tafadhali andika tarakimu pekee." Alinitumia picha ya ujumbe huo bila maneno yoyote. Kwenye ukurasa wangu jina lake lilibaki la machungwa, na Jumatatu iliyofuata saa tatu kamili alikumbushwa.

Niliandikia huduma kwa wateja nikiuliza ni namna gani mtu anaweza kusema kwamba hatashiriki. Walinijibu kwa upole na kwa haraka, jambo ambalo ni la kusifiwa, kwamba mwalikwa asiyependa kuchangia anaweza tu kuupuuza ujumbe. Hilo ndilo jibu lenye makosa, na nadhani waliolitoa hawakuona kosa lake. Kupuuza si kukataa. Mtu anayepuuza amewekwa katika nafasi ya mtu asiye na adabu, na mfumo unaendelea kumwita "hajajibu" kana kwamba jibu la kweli ni moja tu na bado linasubiriwa. Tulipofunga hesabu, kati ya majina 412, watu 236 walikuwa wameahidi. 151 kati yao walilipa zote, 47 walilipa pungufu, 38 hawakulipa. Waliobaki 176 walikuwa wote wa rangi ya machungwa. Sijui, na mfumo hauwezi kuniambia, ni wangapi kati ya hao walikuwa wamefiwa, wangapi walikuwa wameshasema inshallah kwa mashine, na wangapi walikuwa wamebadilisha laini ya simu. Mama mkubwa angejua.

Vitufe vyenyewe vinastahili aya yake. Kima cha chini cha kadi ya singo kilikuwa shilingi 50,000, na ndicho kilichokuwa kitufe cha kwanza juu kushoto, kikubwa, kimepakwa rangi. "Kiasi kingine" kilikuwa maandishi madogo chini. Mtu anaweza kukibonyeza na kuandika hata shilingi 5,000, na mfumo utampokea, lakini utamjibu kwamba kiasi hicho hakifikii kadi ya mtu mmoja. Binamu yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia kwamba alikuwa amepanga kutoa 30,000, akafika kwenye lile dirisha, akaona 50,000 ndiyo inaitwa ya kwanza, akajisikia kana kwamba 30,000 ni ya kuombea radhi. Alibonyeza 50,000. Akailipa kwa awamu nne. Je, aliamua kwa hiari? Hakuna aliyemshika mkono. Hata hivyo, aliyepanga vitufe vile alikuwa ameshaamua sehemu ya jambo kabla yake, na aliyepanga kima cha chini, ambaye ni kamati, ambayo ni mimi, alikuwa ameamua sehemu nyingine. Siwezi kuilaumu kampuni peke yake kwa dirisha ambalo nililijaza mwenyewe.

Kisha kuna orodha. Huduma ina kipengele, ambacho huja kikiwa kimewashwa, kinachotuma kwenye kundi la WhatsApp la familia kila Ijumaa jioni majina ya walioahidi na viasi vyao, kuanzia mkubwa kushuka. Nilikiacha kiendelee kwa wiki tano, na nakiri kwamba kilifanya kazi: kila Ijumaa usiku ahadi ziliongezeka, na nyingi zilikuwa za kiasi kilekile cha mtu aliyekuwa juu kidogo ya aliyeahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaketisha watu mbele ya mistari michache na kuwauliza ni upi unaolingana na mwingine, huku wengine wote chumbani wakiwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Robo tatu ya waliojaribiwa walilifuata kundi angalau mara moja, ingawa macho yao yaliona vizuri. Ikiwa mtu anaweza kuukana urefu wa mstari, sembuse ahadi ya harusi ambayo haina urefu wa kweli.

Asch aligundua jambo la pili ambalo halitajwi sana, nami nililishuhudia Ijumaa ya tano. Akiwapo chumbani mtu mmoja tu anayesema anachokiona, nguvu ya kundi hupungua mno. Dakika chache baada ya orodha kutumwa, shangazi yetu mkubwa, mwanamke ambaye hakuna anayethubutu kumwita bahili, aliandika chini yake: "Mimi safari hii sitaweza. Nitakuja alfajiri kupika." Hakueleza sababu. Kundi lilikaa kimya kama dakika tatu, halafu mmoja akamshukuru, halafu mwingine akamtania kwamba asizidishe pilipili. Kufikia asubuhi watu kumi na mmoja walikuwa wameniandikia pembeni wakiomba kupunguza ahadi zao au kuziondoa, na mmoja wao alikuwa mtu aliyeahidi laki mbili. Mwenyekiti alikasirika. Mimi nilikizima kipengele cha orodha usiku huohuo, na ninaushauri uzimaji huo kwa kila atakayejisajili: uko kwenye mipangilio, ukurasa wa tatu, chini kabisa.

Kuna kejeli katika jambo hili zima ambayo iliniandama hadi siku ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao yote, na kwa hiyo maharusi huulizwa waziwazi, mbele ya mashahidi, kama wanakubali, na kwa hakika wanaweza kusema hapana, hata kama ukumbi umeshalipiwa. Katika ndoa za Kiislamu, fiqhi imekwenda mbali kiasi cha kujadili kimya cha mwari na kukihesabu kuwa ni ridhaa, yaani wanazuoni waliona kwamba hata anayenyamaza amesema kitu na ni lazima tujue amesema nini. Wachangiaji 412 hawakuulizwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Hawakuulizwa hata kama wanataka namba zao zipakiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, na katika ukurasa wa kupakia majina kuna kisanduku kidogo kinachosema kwamba mhazini anathibitisha kuwa wahusika wameridhia. Nilikibonyeza bila kusoma, nikiwa nimekaa ndani ya daladala, kwa niaba ya watu 412.

Hatukuanza leo kuliita jambo la hiari na kuliendesha kwa shuruti, na huduma hii isibebeshwe mzigo wa historia. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kijiji cha ujamaa ni ushirika wa hiari wa watu walioamua wenyewe kuishi na kufanya kazi pamoja. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wote wawe wamehamia. Kenya nako harambee iliyoanza kama wito wa uhuru mwaka 1963 ilifikia mahali ambapo Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilibidi imkataze mtumishi kuifanya ofisi yake kuwa mahali pa kuchangishia. Katika visa vyote viwili neno la awali lilibaki midomoni baada ya jambo lenyewe kubadilika. Tofauti ni kwamba mtu aliyeamriwa anajua kuwa ameamriwa. Binamu yangu mwalimu hajui, na ukimwuliza leo atakuambia kwamba alitoa mwenyewe.

Nisingekuwa mkweli kama ningeficha upande wa pili, ambao niliusikia kutoka kwa vijana wa familia, hasa wale walioajiriwa karibuni. Kwao mfumo umeleta uhuru. Mmoja aliniambia kwamba zamani mjumbe alikuja nyumbani na kadi, akaketi, akanywa chai, akaulizia wazazi, na hakuondoka mpaka asikie kiasi. Sasa anauona ujumbe akiwa peke yake chumbani, anaweza kupima mshahara wake, na anaweza kuandika kiasi chake bila kusoma sura ya mtu. Anasema mlango wa uani ninaousifu ulikuwa wazi kwa wazee na waliojaliwa ulimi. Kijana aliyesema "tutaona" aliambiwa aseme vizuri. Nadhani ana haki. Mama mkubwa aliwaandikia "tusimsumbue" wale aliowajua, na sina hakika kama kijana wa miaka 24 angewekwa kwenye safu hiyo hata kama mfuko wake ulikuwa mtupu kuliko wa jirani. Macho yaliyoweza kukusamehe ndiyo macho yaleyale yaliyoweza kukubana, na anayeyakimbia moja kwa moja hupata utulivu ambao siwezi kuudharau.

Kwa hiyo naipa huduma nyota nne kwa uhasibu, nne kwa mlangoni, tano kwa lugha ya adabu ya watu wake wa huduma kwa wateja, na moja kwa hilo neno hiari lililochapwa juu ya kila ujumbe. Ninayoyaomba ni madogo na fundi wa programu anaweza kuyamaliza mchana mmoja. Kiwekwe kitufe cha tano, na kisiandikwe "sitachangia" kwa ukavu huo, kiandikwe "nawaombea heri", ambayo kila Mswahili ataielewa. Atakayekibonyeza asikumbushwe tena. Orodha ya Ijumaa ije ikiwa imezimwa, na anayeitaka aiwashe mwenyewe. Vitufe vya kiasi viondolewe na libaki dirisha tupu. Na mhazini apewe safu ya tatu isiyo na kichwa, ambayo mfumo hauisomi wala hauitumii kwa lolote.

Siku ya harusi nilisimama mlangoni pamoja na binti wa kuskani kadi. Mashine ililia vizuri, watu wakaingia kwa haraka, hatukuwa na kadi bandia hata moja. Saa mbili usiku nilimwona baba mdogo akishuka kwenye bajaji, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na koti juu yake, ameshika bahasha. Nilimwamkia. Alinijibu marahaba mwanangu, akaniambia bahasha ile ni ya kumpa mwanawe mkononi, wala si ya kwenye mashine. Binti alitafuta jina lake na kulikuta: machungwa. Bila mstari wa malipo hakuna kadi, na bila kadi taa ya mashine haibadiliki. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kuulizana kuna nini. Nilitoa simu yangu nikalipa shilingi 1,000 kwa jina lake, akageuka njano, nikamwachilia kadi, mashine ikalia, akaingia.

Jumatatu asubuhi, harusi ikiwa imekwisha na maharusi wakiwa safarini, alinipigia. Alikuwa amepokea ujumbe wa kumshukuru kwa mchango wake wa hiari, na alitaka nimfafanulie hilo salio la shilingi 49,000 analodaiwa ni la nini.